Reli Iliyoua Ng'ombe

Siku aliyokabidhiwa chaki mara ya kwanza alifurahi, maskini wa Mungu. Mwalimu wa historia aliingia darasani na karatasi zake mkononi, akauliza ni nani mwenye mwandiko mzuri, na darasa zima likamgeukia msichana mfupi wa dawati la pili. Akaitwa mbele. Akapanda juu ya kiti, maana ubao ulikuwa umemzidi kimo, akaandika kichwa cha somo kwa herufi zilizonyooka na zenye mikia ya kupendeza. Mwalimu akasema, "Huu ndio mwandiko." Wenzake wakapiga makofi. Hakujua kwamba anavishwa kilemba cha ukoka, wala kwamba atakivaa mpaka kidato cha mwisho.

Tangu hapo jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye orodha ya mahudhurio. Kila mtu alimwita Chaki.

Shule yenyewe ilikuwa na watoto wa aina mbili. Kulikuwa na wanafunzi wa sayansi, ambao walikuwa na maabara, walimu wa kutosha na majengo yenye rangi. Halafu kulikuwa na wanafunzi wa masomo ya jamii, walioitwa na wenzao "watu wa hadithi", ambao walipewa chumba kimoja nyuma ya stoo, na kitabu kimoja kwa kila somo, nacho kilikaa kabatini kwa mwalimu kikilindwa kama mali ya urithi. Kwa kuwa kitabu ni kimoja na watoto ni wengi, utaratibu wa kusoma ulikuwa huu: mwalimu anakuja na karatasi za notisi, anampa Chaki, Chaki anaziandika ubaoni, na darasa linanakili. Ubao ukijaa wanasubiriana kidogo, kisha unafutwa kwa kipande cha godoro, na kazi inaanza upya. Kengele ikilia kila mmoja ana kurasa zake mbili au tatu. Chaki ana vumbi.

Mwalimu wa jiografia alipoona hivyo, naye akaleta karatasi zake. Wa uraia hakutaka kuachwa nyuma. Basi ikawa historia ni Chaki, jiografia ni Chaki, uraia ni Chaki, na wenzake wakawa wanamjua zaidi kwa mgongo kuliko kwa uso. Mkono wa kulia ulimuuma kuanzia begani mpaka kwenye kidole gumba. Akipiga chafya ilitoka nyeupe. Jioni aliazima daftari la huyu au la yule ili anakili alichokiandika mwenyewe asubuhi, na mwenye daftari alimkalia kooni: "Maliza basi, Chaki, na mimi nataka kujisomea." Anayekuambia hivyo ni mtu ambaye mchana alikuwa amekaa kwa raha zake akinakili kutoka mkononi mwako. Ukitaka kujua dunia ilivyo, waandikie watu ubaoni.

Mwalimu wa historia alikuwa mtu mzima aliyekaribia kustaafu, mpole, mwenye koti moja la kijivu, na wanafunzi walimwita Hoja Sita. Kwake yeye kila jambo chini ya jua lilikuwa na sababu sita. Vita vilikuwa na sababu sita, njaa sita, na hata amani, ambayo mtu angedhani haihitaji sababu, ilikuwa na sita. Ukichelewa akakuuliza kwa nini, ukianza kujitetea, anakukatiza: "Hoja ya kwanza hiyo. Bado tano." Walimpenda. Alikaa kwenye kiti chake pembeni mwa meza, mikono juu ya magoti, uso kuelekea ubaoni, kimya, kipindi kizima, na mara kwa mara aliuliza, "Umemaliza, Chaki?" Kuna siku alisema, "Vizuri, mistari imenyooka," na ubao ulikuwa umefutwa kitambo. Darasa likacheka likidhani ni utani wake. Yeye mwenyewe akacheka pia, kidogo, na Chaki akaona namna alivyocheka lakini hakuliwaza sana. Alikuwa amechoka kuwaza mambo ya watu.

Maana uchovu wake haukuwa wa kucheza wala wa kukimbia, ambao ukilala unaisha. Ulikuwa uchovu wa mpishi anayepikia hadhara kila siku na hapewi nafasi ya kuonja. Maneno yalitoka kwenye karatasi ya mwalimu, yakaingia jichoni, yakashuka mkononi, yakaenda ubaoni, na kichwani hayakupita hata kusalimia.

Nyumbani aliishi na shangazi yake, dada wa marehemu baba, aliyekuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi. Shangazi alisimama toka asubuhi mpaka jioni mbele ya meza ndefu yenye blanketi, akinyoosha mashati ya watu ambao hakuwahi kuwaona, na jioni alirudi na miguu iliyovimba akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka tu, na mtu aliyechoka husema kwa ufupi. Alikuwa ameshasema: "Soma, mwanangu, nami nitasimama. Ila darasa moja halisomwi mara mbili kwenye nyumba hii. Ukianguka, pale dukani kuna pasi ya pili haina mtu." Chaki aliiona ile pasi ya pili kila alipopita kumsalimia shangazi. Ilikuwa nzito, mpini wake umefungwa kitambaa.

Yeye alitaka kusomea ardhi na ramani. Hilo hakumwambia mtu, kwa sababu watu wa hadithi wakitaja ndoto zao huambiwa waendelee kulala.

Basi ukaja mtihani wa majaribio, ule wa kuwapima kabla ya mtihani mkuu. Karatasi ya historia ilikuwa na swali la kwanza lililowataka waeleze sababu sita zilizowafanya wakulima wahame vijiji vyao vya zamani. Chaki aliposoma swali moyo ulitulia, maana hilo aliliandika ubaoni kwa mkono wake, na alikumbuka hata siku. Akafumba macho autafute ubao. Akauona. Ulikuwa wazi kabisa: hoja ya kwanza juu kushoto, ya pili chini yake, ya tatu imekwepa ule ufa wa katikati, ya nne karibu na msumari wa kutundikia ramani. Aliona mikia ya herufi. Aliona mahali alipobadilisha kipande cha chaki. Alichokosa kuona ni maneno. Alikaa akiutazama ubao ule ndani ya kichwa chake mpaka jasho likamtoka, na kila alipousogelea, herufi zilibaki kuwa mapambo.

Aliandika vichache alivyobahatika kukumbuka kutoka kwenye daftari aliloazima. Mwandiko ulikuwa safi. Akatoka nje akakaa kwenye ngazi, akasikia wenzake wakishangilia: "Swali la kwanza lilikuwa la bure jamani, yote yalikuwa kwenye notisi za Chaki!" Redio, msichana aliyekaa naye dawati moja na ambaye mdomo wake haukujua likizo, akamkumbatia. "Mungu aubariki mkono wako, shoga yangu." Chaki akasema amina. Angesema nini?

Siku chache baadaye Hoja Sita aliingia darasani bila karatasi za notisi, nyuma yake akiwa mkuu wa shule. Mkuu alikuwa mama mnene wa mwili na mwembamba wa maneno. Alibeba mitihani yote ya historia kifuani. Watoto wakasimama, wakaambiwa wakae, wakakaa.

"Nitawasomea sentensi," alisema mkuu. "'Ujenzi wa reli uliwafungulia wakulima masoko mapya mbali na kwao na ulikausha visima na kuua ng'ombe.'" Akainua macho. "Nani amewaambia reli inakausha visima? Nani aliiona reli ikiua ng'ombe?"

"Labda iliwagonga," Redio alinong'ona, na vicheko viwili vitatu vikafa vilipozaliwa.

"Sentensi hii imo kwenye karatasi zote. Neno kwa neno. Tena karibu wote mna hoja tano zinazofanana, na ya sita kila mtu ametunga ya kwake. Mwalimu wenu amesahihisha mwenyewe, amekuja kuniambia kwa uchungu. Mmeibiana au mtihani umevuja, moja kati ya hayo. Mpaka Ijumaa nisipopata ukweli, darasa zima ni sifuri. Na mwenye sifuri hasajiliwi mtihani mkuu. Atarudia mwaka." Akageuka. Hoja Sita akamfuata, mkono mmoja ukipapasa fremu ya mlango.

Darasa likalipuka kwa makelele. Chaki peke yake alikaa kama aliyemwagiwa maji. Sentensi ile alikuwa ameiandika ubaoni, akaja akainakili kwenye daftari lake, akaiandika tena kwenye mtihani, na hii ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuisikia. Sasa alikumbuka. Siku ile bega lilikuwa linawaka moto, jicho likateleza kwenye karatasi ya mwalimu, likaruka mstari mzima. Kulikuwa na hoja ya reli, ikafuatiwa na hoja ya ukame, na yeye alizishona pamoja zikawa kitu kimoja. Kwa hiyo sita zikawa tano. Na wenzake, werevu wa kunakili, wakaimeza ile reli na ng'ombe wake, hakuna hata mmoja aliyeuliza. Hata yeye. Alitaka kucheka, akajikuta anataka kulia.

Baada ya masomo alikwenda ofisi ya walimu. Hoja Sita alikuwa peke yake, ameinamia karatasi, pua inakaribia kugusa wino.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Chaki."

"Aa, Chaki. Karibu, mama. Umekuja kuwaombea wenzako?"

"Nimekuja kusema ni mimi." Akamweleza. Hakutafuta hoja sita, moja ilimtosha: aliruka mstari.

Mwalimu alivuta droo, akapekua, akatoa ile karatasi ya notisi, akaisogeza usoni, kidole kikitembea mstari kwa mstari. Kidole kikasimama. Akaanza kucheka. Alicheka mabega yakitikisika, akatoa leso akafuta macho, akasema "reli imeua ng'ombe" akacheka tena. Kisha kicheko kikaisha ghafla, na uso wake ukawa wa mtu mwingine.

"Kwa hiyo nimewashitaki watoto wangu," alisema, "kwa kosa lililoandikwa mbele ya macho yangu."

Swali lilimtoka Chaki lenyewe. "Mwalimu, hukuiona?"

"Ya karibu naona," alisema Hoja Sita. "Karatasi naiona nikiibusu. Wewe hapo uliposimama naona sketi. Ule ubao wenu, tangu mwaka jana naona weusi na kitu kifupi kinachosogea. Nilijua ni wewe. Nikisikia chaki inagonga, nilijua somo linakwenda."

"Miwani je?"

"Nimeshavaa ya kila namna. Daktari anasema si jambo la miwani." Akaikunja leso vizuri, kona kwa kona. "Nimebakiza mwaka na kidogo nistaafu. Mwalimu asiyeona ubao watamweka wapi, Chaki?"

Hakumwambia aseme uongo. Angemwambia, ingekuwa nafuu, maana mtu akikuomba jambo baya unaweza kumkatalia. Alisema tu, "Nenda nyumbani. Nitalifikiria." Akarudisha uso kwenye karatasi.

Jioni ile Chaki alimkuta shangazi kwenye kiti chake, miguu juu ya ndoo. Akamtilia maji ya chumvi ya kukanda, akapiga magoti, akaanza kuikanda miguu ile, na kwa kuwa hakuwa anamtazama usoni aliweza kusema.

"Shangazi, ukijua jambo la mtu mzima. Ukilisema litamuumiza. Usiposema litakuumiza wewe na wengine."

"Una mimba?"

"Shangazi!"

"Basi mengine yote yana dawa." Shangazi akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho: notisi, mstari, sifuri, macho ya mwalimu. Hakumkatiza. Alipomaliza, mama yule akavuta pumzi ndefu. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kila mtu atakuambia beba, kwa sababu bega si lake. Mimi sikuambii useme wala unyamaze. Ila nikwambie la kwangu. Nikisema darasa moja halisomwi mara mbili, sisemi kwa ubaya. Ni hii miguu. Haina mwaka mwingine wa ziada ndani yake, mwanangu. Nimeitafuta, haina."

Chaki aliendelea kukanda. Aliogopa kuliko siku zote, kwa sababu sasa alijua kitisho cha ile pasi ya pili hakikuwa kitisho. Ilikuwa hesabu ya mwili wa mtu.

Ijumaa asubuhi alisimama mbele ya meza ya mkuu wa shule. Hoja Sita alikuwa amekaa pembeni, koti limefungwa vifungo vyote. Chaki alieleza habari ya mstari ulioruka. Mkuu alisikiliza, akaagiza daftari lolote la darasa lile liletwe, akafungua, akasoma, akatikisa kichwa.

"Darasa zima likanakili upuuzi huu?"

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu."

"Na hakuna aliyeuliza?"

"Hatuulizi. Tunanakili."

Mkuu akalifunga daftari. "Na Mwalimu alikuwa wapi wakati unaandika?"

Hapo ndipo palipokuwa na shimo, na wote watatu waliliona, kila mtu kwa kadiri ya macho yake. Akisema hakuwepo, amemfanya mzee mtoro wa kazi. Akisema alikuwepo, kuna swali jingine nyuma yake. Chaki alimtazama Hoja Sita. Alimngoja. Alimpa muda wa kusema mwenyewe, akamwongeza na mwingine, na moyoni alikuwa anamwomba kabisa: sema wewe, Mwalimu, wewe ndiye mkubwa. Hoja Sita alikohoa. Alielekeza uso dirishani na mikono ikabaki juu ya magoti, kama alivyokaa siku zote. Alikuwa na siku tatu za kufikiria na alikuwa hajafika popote. Na Chaki, ambaye hajawahi kumkatalia mwalimu jambo lolote tangu azaliwe, alihisi mkono wake wa kulia ukiuma toka begani, akaona hana tena nguvu ya kumbebea mtu kitu.

"Alikuwepo," alisema. "Haoni ubaoni."

Mkuu aligeuka taratibu. "Ni kweli, Mwalimu?"

"Ni kweli," alisema Hoja Sita.

Swali la kwanza likafutwa, alama zikahesabiwa upya, na darasa likaokoka. Wengi walipata alama nzuri. Chaki alipata za chini, chini ya karibu wote waliosoma mwandiko wake. Mtihani mkuu atafanya, lakini kwa alama zile hata yeye aliona anakwenda kuanguka. Hoja Sita alipewa likizo ya matibabu, tarehe ya kurudi haikuandikwa. Siku ya kuondoka aliwapa mkono mmoja mmoja nje ya darasa, na alipofika kwa Chaki aliuliza, "Na huyu?" Akatajiwa. Akaushika mkono wake kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nimechoka kuogopa," alisema. "Hilo nakushukuru." Halafu, sauti ikishuka: "Lakini ungeniambia mapema kwamba utasema, nikajiandaa."

Mwalimu alikuwa sahihi, na Chaki pia alikuwa sahihi, na hilo halikumsaidia hata mmoja wao. Chaki alimtazama akishuka ngazi huku mguu ukitafuta kila kipandio kabla ya kukanyaga.

Darasani wengine walimnunia. "Umemchoma Mwalimu," walisema, watu walewale waliookolewa na kuchomwa kwake. Redio aliacha kuongea naye siku mbili, na kwa Redio hiyo ni kufunga. Kibaya zaidi, mwalimu mwingine hakuletwa. Ungekuwa upungufu wa mwalimu wa fizikia wangeita mkutano. Watu wa hadithi waliambiwa wavute subira. Wakavuta subira, kipindi cha historia kikawa kipindi cha kuchora na kulala, na mtihani mkuu ukawa unakuja mbio.

Asubuhi moja mkuu wa shule aliingia na bahasha ya karatasi. Zilikuwa notisi za Hoja Sita, zote zilizobaki. Akaziweka mezani.

"Chaki. Wewe unaujua utaratibu. Waandikie wenzako mpaka tupate mtu."

Punda afe, mzigo ufike. Hivyo ndivyo walivyosema wa kale, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza punda. Mkuu akatoka. Darasa likafungua madaftari, kalamu zikainuliwa, zikangoja. Chaki akaenda mbele. Akapanda juu ya kiti, akaandika kichwa cha somo. Kilikuwa kizuri, kama kawaida yake. Akaandika neno la kwanza la sentensi ya kwanza, akageuka nyuma. Sijui kwa nini aligeuka, maana hakuwa na desturi hiyo. Aliona vichwa vyote vimeinama na kimoja tu hakipo, chake mwenyewe. Kiti chake kilikuwa kitupu, mkoba wake umekaa juu yake badala yake.

Akashuka.

"Nimechoka," alisema.

Wakacheka. Walidhani ni mzaha, wakangoja apande tena.

"Nimechoka kweli, jamani. Miaka hii yote nawaandikia. Mmepata alama kwa mkono wangu na mimi nimeanguka. Shangazi yangu hana mwaka mwingine wa kunisomesha, na mimi sina mkono mwingine. Leo nakaa." Akaweka chaki mezani, akapita katikati ya madawati, akatoa mkoba kitini, akakaa. Akafungua daftari ukurasa mpya.

Sauti ya mtu wa nyuma ikauliza, "Sasa nani ataandika?"

"Mwenye mkono," alisema Chaki.

Hakuna aliyenyanyuka. Walitazamana, wakatazama ubao, wakatazama saa. Mwishowe Redio akasonya kwa nguvu, akasukuma kiti, akaenda mbele akivuta miguu. Akaichukua karatasi, akaichukua chaki, akaanza.

Mwandiko wa Redio ulikuwa balaa. Herufi zililala, zikapandana, nyingine zikakimbilia kwenye ufa zikapotelea humo. Darasa likapiga kelele. "Hiyo ni nini?" "Dada, unaandika au unafukuza nzi?" Redio akawageukia, kiuno kimeshikwa. "Aliyeona vibaya aje yeye!" Hakuna aliyekwenda. Sentensi ilisema kwamba bei ya pamba iliposhuka wakulima walifanya jambo fulani na mashamba yao, na neno la jambo lenyewe lilikuwa limechafuka hata Redio alipoulizwa alishindwa kulisoma, na karatasi ya mwalimu mahali hapo ilikuwa imelowana na kufifia.

"Waliyauza," alisema mmoja. "Andikeni waliyauza tuendelee."

"Wangemuuzia nani?" Chaki aliuliza. Alishangaa kusikia sauti yake. "Bei ya pamba imeshuka. Shamba la pamba nani atalinunua?"

"Tajiri," mwingine akajibu. "Tajiri hununua vitu vikishuka."

"Kijiji kizima kina matajiri wangapi?"

"Basi waliyaacha."

"Wakala nini? Walipanda kitu kingine, mimi naona. Kitu cha kula."

"Hujui wewe, kwetu babu aliligeuzia shamba kisogo akaenda zake mgodini!"

Wakabishana. Walibishana kwa sauti mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia kuona kama kuna ugomvi, akakuta watoto wa hadithi wanagombana juu ya pamba, akaondoka bila kuelewa. Redio alikuwa amekaa juu ya meza ya mwalimu, anaamua kesi. Walipofika mwisho walikuwa hawajakubaliana wote, lakini kila mtu alikuwa na neno lake na sababu ya kuliweka.

Chaki alishika kalamu. Mkono wake ulikuwa umezoea ubao, haukujua tena kuandika herufi ndogo. Herufi zilitoka kubwa, maneno matatu au manne tu kwa mstari, zikajaza ukurasa mzima kwa sentensi moja. Bega lilikuwa bado linauma. Aliegemea kiwiko, akaisoma sentensi yake toka mwanzo mpaka mwisho, na aliielewa.